Mwezi Wenye Maji

Mwaka 1991 nilikuwa na miaka kumi na saba, na ndipo dhiki iliponijua jina. Vita vilishuka Kismayu, vikavuka hadi visiwani, nasi tukaondoka Koyama na nguo za mwilini na sufuria moja isiyo na kifuniko. Safari yenyewe sitaieleza. Kila Mbajuni wa rika langu ana safari yake, na zote zinafanana mpaka anayesikiliza hupiga miayo. Nitaeleza mwaka uliofuata, tuliokaa kambini upande wa Kenya, kwa sababu mwaka huo ndio ulionifanya niwe huyu mnayemwita Mama Barafu, na kwa sababu mtu aliyenishika mkono mwaka huo amekufa mwezi uliopita katika nchi ya baridi, na mimi sikuwahi maziko yake.

Binti yake alinipigia simu baada ya adhuhuri, nimesimama kiwandani napakia vipande vya barafu kwenye bajaji. Akaniambia, "Shangazi, baba ametangulia." Nilimwambia angoje, nikazima mashine, maana habari kama ile haisikilizwi pamoja na mngurumo. Nikakaa juu ya kreti, nikamwambia aanze upya. Huyo baba yake ndiye Maalim Shee. Siku chache baadaye mwanangu wa mwisho, Salma, aliniletea simu yake nitazame, akidhani atanichangamsha. Kumbe kuna chombo kimerushwa na watu wa elimu kwenda kwenye mwezi mmoja wa sayari ya Mushtarii, kipo njiani, na safari yake ni ya miaka. Nilimuuliza kama kitatua. Akasema hapana, kitapita karibu yake mara nyingi, kitautazama tu. Nikacheka hadi machozi yakanitoka, na yakishatoka hayakukumbuka tena kuwa yalianza kwa kicheko. Nilimwambia Salma kwamba mwezi huo niliuchagua mimi kabla hajazaliwa, mbele ya watu, nikiwa sina hata viatu. Hakuniamini. Basi naandika, kwa mkono wangu, mimi niliyesoma madarasa manne. Makosa ya herufi ni yangu, na yaliyotokea ni kweli.

Nyumba yetu ya kambini ilikuwa chumba kimoja cha fito na makuti, kimegawanywa kwa turubai la msaada. Upande huu mimi na mama, upande wa pili Bi Mwanaidi, mjane wa kutoka kisiwa cha Chovai, ambaye alikuwa akikoroma, akizungumza na marehemu mumewe, na kututolea hukumu ya kila jambo, yote kupitia turubai. Hakukuwa na siri. Mama akigeuza kijiko sufuriani Bi Mwanaidi aliuliza leo kuna nini. Na jibu lilikuwa moja siku zote: mahindi. Mahindi ya mgao, makavu kama kokoto, tuliyoyaloweka tangu jana yake na kuyachemsha pamoja na maharage mpaka kuni zikaisha kabla hayajaiva. Sisi ni watu ambao tukikosa samaki siku mbili hujiona wagonjwa. Mara moja kwa wiki Bi Mwanaidi aliletewa kichwa cha changu na jamaa zake, akakipika, akatugawia mchuzi na kichwa akabaki nacho. Mama alikuwa akisema kimoyomoyo, ila kwa sauti ya kusikika, kwamba kuna wachu hukopesha harufu. Mama yangu hakuwahi kusema mtu, alisema mchu mpaka anaingia kaburini. Leo friza langu limejaa nguru na kolekole, na bado hakuna mchuzi niliowahi kuushukuru kama ule wa kichwa nisichokiona.

Maalim Shee alikuwa amefundisha skuli Kismayu. Mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni kwenye joto lile, kandambili moja imeunganishwa kwa waya. Asubuhi watoto walisoma Kurani katika banda la kambi. Baada ya alasiri banda lilikuwa letu sisi vijana, na yeye alitufundisha chochote alichokuwa nacho. Siku moja shirika fulani lilileta sanduku, tukaambiwa ni madaftari. Tulipolifungua tulikuta miswaki ya plastiki na picha moja kubwa ya rangi, ya jua na sayari zake zote. Madaftari hamna. Wengine walikasirika. Maalim aliibandika ile picha ukutani kwa gundi ya unga, akaturudishia majina tuliyoyasikia kwa wazee: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii, Zohali. Zile ndogo zinazozizunguka, akasema, ni miezi, kila moja na mama yake. Mwezi wetu hauko peke yake. Hilo lilinishangaza kuliko vita.

Halafu ikaja ile nafasi. Karakana moja ya Mombasa, ya kutengeneza mafriji na mashine za barafu, ilikubali kuchukua kijana mmoja kutoka kambi yetu, mmoja tu, kwa mwaka mzima, kula na kulala juu yao. Fundi mkuu alikuja mwenyewe, mtu mnene mwenye kitambaa cha kufutia jasho, akaomba vyeti. Tulitazamana. Vyeti vya nani? Vilivyokuwapo viliungua au vilizama. Maalim alimwambia, "Bwana Fundi, usiwaulize walichosoma. Waulize wanavyofikiri." Fundi akauliza atajuaje. Maalim akanyoosha kidole kwenye ile picha. Kila mmoja achague mahali pamoja pale, pa kwenda kuchunguza, kisha asimame aeleze kwa nini pale na si pengine. Fundi alicheka, lakini alikubali. Alisema ni nafuu kuliko kusikiliza watu kumi na mmoja wakimwambia wanapenda friji. Akatupa wiki tatu.

Niseme wazi nafasi ile ilikuwa nini kwangu, maana vijana wa leo wanadhani kila mlango ukifungwa kuna mwingine. Kambini msichana wa rika langu alikuwa na njia mbili, kupanga foleni ya mahindi au kuolewa na mtu anayepanga foleni ya mahindi. Nilikwisha kumsikia mama akimwambia Bi Mwanaidi kwamba kuna mchu ameniuliza, mwenye duka la sigara na biskuti karibu na lango, mwenye mke tayari. Bi Mwanaidi alisema duka ni duka. Mama akasema, "Tungoje mvua zipite." Mimi upande wangu wa turubai nilihesabu: mvua na fundi vitafika pamoja.

Nilichagua Zuhura. Sikufikiri hata dakika. Kwetu Koyama ndiyo tuliyoijua kwa macho, nyeupe, inang'aa kuliko zote, na baba alikuwa akisema nyota ile haijawahi kumdanganya mtu. Nilitembea kambi nzima nikijigamba. Juma la pili Maalim alitusimamisha tufanye majaribio, na mpinzani wangu alikuwa Athmani, mtoto wa mfanyabiashara wa Kismayu, aliyefika skuli ya juu na kuweza kuongea Kiingereza hata akilala. Yeye alichagua Mirihi, na alieleza vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Nilipomaliza mimi, akanyanyuka taratibu akaniuliza kama ninajua risasi za nyavu, zile tunazofunga ili wavu uzame. Nikasema nimezifunga kwa mikono yangu yote. Akasema, "Ukizifikisha Zuhura zitayeyuka kama samli. Na wewe utakuwa umeshayeyuka kabla ya hizo, Bibi Nyota." Banda zima likacheka. Nilimtazama Maalim anikanushie. Hakukanusha. Alisema ni kweli, kule ni tanuri, na kile cheupe kinachong'aa ni mawingu ya tindikali. Kisha akaniambia neno ambalo nimelitumia kwa vibarua wangu mpaka wamelichoka: "Umeniambia unachokipenda. Sijakusikia ukisema kwa nini."

Siku nne sikwenda bandani. Jina la Bibi Nyota lilinifuata kisimani, lilinifuata kwenye foleni. Nilikuwa nimekosea kosa la kwetu hasa, la mtu wa kisiwani. Nyota ya kukuonyesha njia nimeidhania ni mahali pa kufikia. Lakini wakati ule sikulijua hivyo. Nilijua tu kwamba nimechekwa, na kwamba mvua inakaribia.

Siku ya tano nilikuwa nimejilaza, mchana, naangalia makuti, na mama na Bi Mwanaidi walikuwa wanachambua maharage na kuzungumza habari za dago. Asiyejua nimweleze: wavuvi wetu wakihama kwa miezi kwenda kukaa kisiwa kingine, wakakausha samaki na papa huko, hilo ndilo dago. Bi Mwanaidi alikuwa anamsema marehemu mumewe, naye yupo akhera hawezi kujitetea. Mwaka mmoja, akasema, alichagua kisiwa kwa uzuri wa mchanga wake. Mweupe kama unga. Wakafika, wakachimba kisima, maji ya chumvi. Wakachimba tena, chumvi. Usiku wa pili wakarudi, midomo imepasuka, na samaki wote wakawaachia kunguru. Mama akacheka, akasema mchu hachagui dago kwa macho. Akahesabu kama alivyohesabu bibi yake: "Maji matamu yapo? Chombo kitakaa wapi? Upepo ukigeuka, kinga iko wapi? Ukishajibiwa hayo, ndipo uulize samaki."

Niliinuka. Nilivaa buibui ya mama kwa haraka nikaenda bandani, Maalim yupo peke yake anashona kandambili. Sikumsalimu hata, Mungu anisamehe. Nilimuuliza katika picha ile yote maji yako wapi. Alinitazama, akaweka sindano chini. Akasimama, akapita Mirihi, akasema zamani labda, sasa pamekauka. Akafika kwenye Mushtarii, nikamwambia hapo sitaki, nasikia ni upepo na mawingu tu, chombo kitakaa wapi. Akasema vizuri sana. Ndipo akaweka kidole kwenye kitone kilicho kando yake, kidogo kama punje ya mtama, kimeandikwa Yuropa. Alisema juu ni barafu tupu, ngumu kama mwamba, na kwamba baadhi ya wataalamu wanadhani chini ya barafu kuna bahari, lakini hakuna aliyeiona. Nilimuuliza barafu ina unene gani. Akasema, "Hilo hatujui, na usiseme unalijua." Tulikaa pale mpaka magharibi. Hakunipa jibu hata moja. Kila nililomwambia alinirudishia kwa nini.

Fundi alirudi siku ya mvua ya kwanza. Banda lilivuja, ikabidi picha ifunikwe kwa kanga ya mtu sehemu ya Zohali. Kina mama walisimama mlangoni, mama yangu akiwa nyuma ya Bi Mwanaidi kana kwamba hakuja. Athmani alisema Mirihi yake, akapigiwa makofi. Msichana mmoja alisema Zohali kwa sababu ya pete zake, fundi akamshukuru. Nilipoitwa mimi, mtu nyuma akanong'ona Bibi Nyota, wakacheka kidogo.

Nilisema kwamba sisi kwetu hatuendi mahali kwa uzuri. Nikayataja maswali matatu. Maji, huenda yapo, wataalamu wanadhani, sijui. Pa kuweka chombo, papo, barafu ni ngumu. Kinga, ipo, hiyo hiyo barafu ni dari, kilicho chini yake hakipigwi na lolote. Fundi aliacha kujifuta jasho. Akaniuliza nitaingiaje chini ya hiyo barafu, na mtu akifika huko si atakufa baridi.

Hilo sikuwa nimelitayarisha, wala Maalim hakuniuliza. Na kitu kilichonijia ni chazo wa baba. Chazo ni samaki mwenye kinyonyo kichwani. Wabajuni tangu zamani humfuga mmoja, humfunga kamba mkiani, na wakimwona kasa mbali humwachia chazo, naye huenda akamng'ang'ania kasa gambani, na mvuvi huvuta kamba. Chazo wa baba alikaa kwenye maji ya ufukoni mbele ya nyumba, na kazi ya kumlisha ilikuwa yangu, utumbo wa dagaa asubuhi na jioni. Baba alikuwa akisema naye kwa upole kabla ya kumtuma, maana aliamini chazo aliyetukanwa haendi.

Nikamwambia fundi, "Haendi mchu. Hutumwa chazo." Akauliza chazo ni nini, na mlangoni kina mama wote wakamjibu kwa pamoja, ikabidi Maalim awanyamazishe. Nilimweleza. Nikasema watayarishe chuma cha moto kitoboe barafu, na katika tundu hilo washushe chombo kidogo chenye kamba, kiende kuliko na giza, kishike kitakachoshika, nasi tuvute. Fundi aliinama mbele. Akauliza kamba ikikatika je. Nikasema hilo ni kosa la aliyefunga, si la chazo. Wakacheka, lakini si kile kicheko cha kwanza. Kisha akaniuliza swali la mwisho, na lile ndilo lililonipa maisha. Nikifika huko, baada ya taabu yote, nisikute kitu chochote, nitafanya nini?

"Nitarudi niseme hakuna," nikamwambia. "Baba alirudi mara nyingi na hakuna. Kesho yake alimlisha chazo."

Jina lililotoka lilikuwa langu. Athmani alikuja akanipa mkono, akaniambia laiti angejua habari ya chazo angenyamaza siku ile. Mpaka leo, yuko Ulaya na wajukuu, akipiga simu hunisalimu kwa jina la Bibi Nyota, na hakuna jina ninalolipenda zaidi.

Lakini mama alikataa. Bi Mwanaidi kupitia turubai alisema kambi nzima haina hata soketi moja, msichana ataliwasha wapi friji. Mama hakucheka. Maalim alipokuja kumwomba, alimkaribisha kwenye mkeka, akampa chai ya rangi, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza maswali yake. Huko Mombasa anakopelekwa, maji matamu yapo? Mwanangu atakaa kwa nani? Upepo ukigeuka, kinga iko wapi? Alimuuliza bila mzaha, kama anavyoulizwa nahodha. Na Maalim, msomi yule, hakusema mambo haya hayahusiani. Alisema, "Sijui, Bi Mkubwa. Nitakwenda nitazame."

Kutoka kambini kulihitaji ruhusa. Aliiomba, akaambiwa aje kesho, akaja kesho, akaambiwa aje tena, akaja, mpaka akapewa. Aliazima viatu vya Athmani, vikubwa kwake. Akaondoka alfajiri na lori la mkaa, akarudi siku ya pili jioni, miguu imevimba. Akakaa kwenye mkeka ule ule. Alisema nitalala kwa mwanamke mjane, mcha Mungu, nyuma ya karakana, amezungumza naye na amekiona chumba, kina komeo ndani. Mtaa wa pili kuna watu wa kwetu, wa Burgao, anawajua, likitokea lolote nitakimbilia kwao. Na maji. Alitoa mfukoni chupa ya soda imezibwa kwa karatasi, akampa mama. Alikuwa ameyajaza kwenye bomba la ua wa yule mjane, akayabeba njia nzima. Mama alionja. Akaonja tena, akampitishia Bi Mwanaidi chini ya turubai, naye akaonja.

"Matamu," mama akasema. "Naende."

Nimeishi miaka hamsini na zaidi, nimeolewa, nimezika, nimerudi Kismayu wakati wengine wananiita mwendawazimu, nimejenga kwa mikono hii. Najisifu, sikatai, nimefanya kazi. Ila nikihesabu walionipenda, sijaona mtu aliyebeba chupa ya maji namna ile kwa ajili ya mtoto asiye wake. Sikumwambia hivyo alipokuwa hai. Nilimtumia salamu kila Idi, nilimtumia papa mkavu kwa kila aliyesafiri, nikadhani anajua. Pengine alijua. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akitaka mtu aseme kwa nini, na mimi sikumwambia kwa nini.

Leo ninavyo hivi. Mashine mbili za barafu, moja mpya, moja naitengeneza mwenyewe kila mwezi. Chumba cha baridi kimoja. Bajaji mbili. Nyumba ya mawe ya vyumba vinne, Kismayu, karibu na bandari, na kiwanja Koyama ambacho bado hakijajengwa. Vibarua sita, watatu wao wasichana. Picha moja ya jua na sayari zake, ile ya bandani, imechanika upande wa Zohali, ipo ukutani juu ya mashine. Na mlangoni, kwa yeyote anayeingia, mtungi mmoja wa maji. Matamu.